Klabu yenye jina la mto: barua kwa mwanangu aliye Doha

Mwanangu mpendwa,

Sisi wazima, na babako anakusalimu sana. Umeniandikia kwamba yule Mnepali mnayeishi naye chumba kimoja hana habari na timu za Ulaya. Yeye ni Manang Marshyangdi, klabu ya soka ya kwao, asubuhi na jioni. Usimcheke, mwanangu. Klabu hiyo ina sifa zake.

Manang ni wilaya ya milima mirefu kaskazini ya safu ya milima ya Annapurna nchini Nepal, na Marshyangdi ni mto unaoanzia huko. Mashamba ni haba na baridi ni kali, kwa hiyo watu wake ni wachuuzi tangu enzi za mababu. Wafalme wa Nepal waliwapa ruhusa maalumu ya biashara, wakafika hadi Singapore na Hong Kong. Wengi walihamia Kathmandu, mji mkuu, na huko ndiko ilikoanzishwa klabu, mwaka 1982. Ingwe yetu, yaani AFC Leopards, nayo ilizaliwa hivyo Nairobi mwaka 1964, na watu waliofuata kazi mjini, ndiyo maana namwelewa mwenzako.

Miaka ya 1980 haikwisha kabla hawajawa mabingwa wa ligi. Leo wana mataji 8, na hakuna klabu ya Nepal iliyowafikia. Mimi nayapenda mawili ya karibuni. Walishinda msimu wa 2013/14, kisha ligi ikasimama. Aprili 2015 likaja tetemeko lililoua karibu watu 9,000 na kuuharibu uwanja wa Dasharath wa Kathmandu. Mchezaji anakula nini pasipo ligi? Hata hivyo, iliporudi msimu wa 2018/19, bingwa alikuwa Manang tena. Mwaka 2019 wakaingia hatua ya makundi ya Kombe la AFC, la klabu za Asia. Waliburura mkia kwenye kundi lao, lakini walifika.

Mkizungumza kuhusu uwanja huo wa Dasharath, mwanangu, uwe mpole. Tarehe 12 Machi 1988 mvua ya mawe ilishuka katikati ya mechi ya timu ya Janakpur na timu ya Bangladesh. Watu walikimbilia milango, wakaikuta imefungwa. Walikufa wapatao 90. Huenda kwao kuna aliyempoteza mtu.

Ligi yao ikianza tena, tazama naye mechi moja, kisha uniandikie nani wanafunga mabao siku hizi.

Mamako