Kwa Mjomba aliyeishia Wish

Shikamoo Mjomba,

Natumaini hali ya hapo Tanga ni njema na wote nyumbani hawajambo. Mimi na familia huku Dar ni wazima.

Juzi kwenye simu ulisema neno ambalo limenikaa rohoni. Ulisema The Cure, ile bendi ya roki ya Uingereza, ni muziki wa ujana wako, ulikwenda nao hadi albamu yao Wish ya mwaka 1992 ukaachana nao hapo, na mtu mwenye wajukuu hana tena shughuli na huzuni za vijana. Sikujibu, maana mpwa habishani na mjomba wake kwenye simu. Nakujibu leo kwa maandishi, tena hadharani, kwa sababu wako wengi wa rika lako walioishia palepale.

Kwanza asante. Wewe ndiye uliyerudi kutoka masomoni Leeds na lile sanduku la kanda, na katika nyumba iliyojaa taarab na rumba ukawa unatupigia albamu yao Faith. Santuri ya Faith ilikuwa na nyimbo nane tu. Kanda ilibeba kitu cha ziada upande wa pili: Carnage Visors, muziki mtupu usio na mwimbaji, unaokaribia nusu saa, waliouandaa kwa ajili ya filamu fupi ya katuni waliyokuwa wakiionyesha ukumbini mwaka 1981 kabla ya wao wenyewe kupanda jukwaani. Besi inazunguka palepale taratibu, chini yake mashine ya ngoma, juu kinanda kinakuja na kuondoka. Wageni waliokuwa wakipita sebuleni waliuliza wataimba saa ngapi. Mama hakuuliza hata siku moja. Dada yako alilelewa na bashraf, vyombo vikizungumza vyenyewe bila mtu kufungua kinywa, na kungoja hakukumsumbua. Nadhani mimi nilijifunza kusikiliza kutoka kwenu nyote wawili.

Albamu yao ya kwanza, Three Imaginary Boys ya 1979, sina mengi ya kusema. Vijana wa Crawley, kusini mwa London, na jalada lenye taa, friji na mashine ya kufyonza vumbi mahali pa sura zao. Robert Smith, mwimbaji wao, mwenyewe hakuipenda: nyimbo zilichaguliwa na mtu mwingine, na hata jalada halikuwa wazo lake. Baada ya hapo akashika usukani mwenyewe, akaja Simon Gallup kwenye besi, na mwaka 1980 wakatoa Seventeen Seconds. Kwangu bendi inaanzia hapo. Sikiliza tena mwisho wa A Forest, Mjomba. Vyombo vinapungua kimoja kimoja mpaka besi inabaki ikitembea peke yake, hatua chache, kisha basi. Bendi nyingi za posti-panki, yaani zile zilizofuata wimbi la muziki wa panki, zilikuwa na besi nzuri, lakini za wengi zilikuwa za kusukuma wimbo mbele. Ya Gallup ndiyo inayobeba wimbo wenyewe. Ukiiondoa, hakuna cha kuimba.

Pornography ya 1982 ulinipa ukiniambia niisikilize chumbani, kwa ajili ya jina lake. Ni kazi nzito, na iliwavunja kweli: katika ziara ya albamu hiyo Smith na Gallup walipigana huko Strasbourg, Ufaransa, na ziara ilipokwisha Gallup akaondoka. Miaka ile miwili mitatu ya nyimbo nyepesi sitaitaja. Gallup akarudi, ikaja The Head on the Door mwaka 1985, wakapona.

Halafu Disintegration. Hapa unisubiri kidogo.

Smith alitimiza miaka 30 tarehe 21 Aprili 1989, na albamu ikatoka tarehe 2 Mei. Alikuwa amejiwekea kwamba kazi yake kubwa lazima aifanye kabla ya kufika umri huo. Kampuni yao ya Marekani iliposikia iliogopa, ikaona bendi inajimaliza yenyewe sokoni. Kinyume chake, albamu ile ndiyo iliyowafikisha kila mahali, na Lovesong, wimbo aliomtungia Mary kuwa zawadi ya harusi yao, ukapanda hadi namba mbili Marekani. Mary alikuwa mwanafunzi mwenzake tangu wakiwa vijana wadogo, na wako pamoja hadi leo. Wakati uleule, Lol Tolhurst, rafiki yake tangu wakiwa watoto wa shule ya msingi, alikuwa amezama kwenye pombe, na kabla albamu haijatoka akaondolewa katika bendi. Unasikia hayo yote mle ndani: ndoa mpya, urafiki wa tangu utotoni unaovunjika, na mtu anayehesabu umri wake. Nilifurahi sana mwaka 2011 Tolhurst aliporudi jukwaani pamoja nao huko Sydney, walipopiga albamu zao tatu za kwanza.

Kwenye maelezo ya albamu waliandika kwamba muziki huu umechanganywa ili upigwe kwa sauti kubwa, basi ongeza. Wewe ulitii. Nakumbuka Plainsong inavyoanza: vikengele vidogo, vidogo sana, kiasi kwamba mtu anasogeza sikio, na ghafla vinanda vinaingia vyote kwa pamoja na madirisha ya jalousi yanatetemeka. Mpaka leo sijasikia albamu inayofungua mlango namna ile.

Wish ikafuata, ikashika namba moja Uingereza, na wewe ukateremka kituo hicho. Sikulaumu. Wild Mood Swings ya 1996 hata mimi huigusa mara chache. Bloodflowers ya 2000 ningekuomba uipe nafasi, lakini sio hoja yangu ya leo. Baada ya 4:13 Dream ya 2008 hawakutoa albamu yoyote kwa miaka 16. Walizunguka na maonyesho tu. Mwaka 2023 huko Marekani Smith alihakikisha tiketi za bei nafuu zinakuwepo, na mashabiki walipoonyesha kwamba makato ya muuzaji yamezidi bei ya tiketi yenyewe, alilalamika waziwazi mpaka baadhi ya pesa zikarudishwa, dola tano kwa wengine, kumi kwa wengine. Najua wewe, uliyefanya kazi ya ushirika maisha yako yote, jambo kama hilo unalipima.

Ndipo tarehe 1 Novemba 2024 ikatoka Songs of a Lost World. Nyimbo nane, dakika 49. Smith alikuwa na miaka 65 ilipotoka, rika lako kabisa. Katika miaka ile ya kimya alimzika mama yake, akamzika baba yake, akamzika kaka yake Richard. Kwa hiyo unaposema hizi ni huzuni za vijana, Mjomba, nakuomba radhi, hapo sikubaliani nawe. Kijana wa 1981 alikuwa akiuogopa msiba. Huyu amelibeba jeneza begani.

Wimbo wa kwanza, Alone, unapita dakika tatu nzima kabla sauti yake haijaingia, na inapoingia ni ileile, haijachakaa. Wa Richard unaitwa I Can Never Say Goodbye. Unaanza na radi, kisha piano yenye noti chache tu zinazorudiwa. Aliuimba hadharani kwa mara ya kwanza Kraków, Poland, mwaka 2022, na picha za usiku ule zinamwonyesha akilia jukwaani. Hakuna mapambo. Ni mtu anayeeleza habari za usiku mmoja, na nilipousikia nilimkumbuka kaka yenu mkubwa, na jinsi ulivyokaa barazani siku zote za matanga bila kusema na mtu.

Endsong ndio wa mwisho, unapita dakika kumi. Smith amesimulia kwamba ulitokana na kukumbuka Julai 1969, watu walipotua mwezini, naye akiwa mtoto wa miaka kumi amesimama nje na baba yake wakitazama juu. Wewe nawe ulikuwa na umri huohuo. Uliwahi kunisimulia kwamba babu aliwatoa nje usiku ule na kuwaambia mtazame, ingawa hakuna kilichoonekana ila mwezi wenyewe.

Albamu hiyo ilishika namba moja Uingereza, ya kwanza kufika hapo tangu ileile uliyoishia. Usiku ilipotoka waliipiga yote ukumbi wa Troxy, London, wakaongeza za zamani mpaka zikatimia nyimbo 31, na onyesho likarushwa moja kwa moja mtandaoni. Huku kwetu ilikuwa usiku mkubwa. Nilimtazama Gallup, besi imening'inia karibu na magoti kama zamani, akizipiga At Night na Play for Today, na nilitamani uwe umekaa kiti cha pembeni.

Nimemtumia mjukuu wako albamu nzima. Mwambie aiunganishe kwenye zile spika zako kubwa, sio kwenye simu, na muianze wimbo wa kwanza mpaka wa nane bila kuruka. Mwaka 2024 Smith alisema kuna albamu nyingine iko karibu kukamilika, na hiyo ningependa tuisikilize pamoja. Nitakuja mwezi wa Desemba watoto wakifunga shule.

Nisalimie mkaza mjomba na majirani wote.

Mpwa wako