Shukrani kwa muuguzi wa chumba cha leza

Makovu ya chunusi yalinichimba mashavu, lakini leza, yaani mwale mkali wa mwanga wa kutibu ngozi, niliiogopa: ngozi nyeusi ikiunguzwa kwa pupa huweza kubaki na madoa mabaya kuliko kovu lenyewe. Dada muuguzi, jina lako silijui. Uliniuliza dawa ninazomeza, ukajaribu mwale nyuma ya sikio, ukataka tusubiri tuone ngozi itakavyoitikia. Siku yenyewe ulinivika miwani ya kinga, ukapunguza nguvu ya mashine nilipokunja uso, ukaniandikia kwa mkono: losheni ya kukinga jua yenye SPF (kiwango cha kinga) 30 au zaidi, magamba yasibanduliwe. Makovu yamepungua, hayajaisha, na uliniambia mapema kwamba hayataisha yote. Kwa ukweli huo nakushukuru kuliko yote. Nanyi mnaotoa huduma hii, tafadhali, jaribuni kwanza sehemu ndogo ya ngozi.