Aksanti kwa mama wa kaye ya buluu

Mama uliyetuachia pale Kadutu, hapa Bukavu, kaye (daftari) ya buluu yenye mashauri ya kuandika visa vya wanawake wenye fistula, bila kuandika jina lako, aksanti sana.

Kwenye ukurasa wa kwanza umelikata neno "laana" kwa biki nyekundu, na pembeni ukaeleza fistula ilivyo: uchungu wa kuzaa ukikaa siku mbili tatu bila msaada, kichwa cha mtoto hubana nyama kwenye mfupa wa nyonga, damu haipiti, nyama inakufa, tundu linabaki na mkojo unatiririka bila kuzuilika. Jirani akishasoma hivyo, atamlaumu mgonjwa kwa lipi?

Umetuonya pia kwamba kubadilisha jina la mgonjwa pekee hakutoshi. Ukibakiza mtaa, idadi ya watoto na kazi ya mume, Bukavu nzima itamjua. (Kweli kabisa, huku habari hupanda Kadutu kabla ya taksi.) Aliyesimulia asomewe kwa sauti, aachiwe siku chache, aulizwe tena, akikataa, karatasi ichanwe. Na mpira wa mkojo baada ya operesheni, mara nyingi siku 7 hadi 14, uandikwe wazi, ili mgonjwa anayefuata asiung'oe kwa aibu.

Kaye ingali kwetu. Kurasa 6 bado nyeupe.