Nipeleke madaftari ya Bibi uhamiaji, au niyafiche?

Shangazi, shikamoo.

Majibu yako nayasoma miaka mingi, zaidi usiku nikiwa zamu, wagonjwa wakishalala. Sikudhani ingefika siku ya kukuandikia mimi. Naomba univumilie, maana jambo langu lina sheria ndani yake, na nisipolianzia mbali hutaona linaponibana.

Mimi ni mzaliwa wa Kisauni, Mombasa. Nilikuja Marekani Juni 2014 kwa viza ya matembezi, arusi ya binamu yangu. Uwanja wa ndege wa Boston nikagongewa muhuri wa miezi sita. Miezi sita ikaisha, nikabaki. Sitaki kulipamba hilo. Baba alikuwa anaumwa figo, nyumbani hapakuwa na mwenye kipato, macho yote yakawa kwangu. Siku ruhusa yangu ilipokwisha niliijua, ilikuwa Disemba, theluji ya kwanza. Nikaamka nikaenda kufua nguo za watu kama jana yake.

Machi 2015 nikapata kazi ya kumtunza bibi mmoja wa Kimarekani hapa Lowell. Alikuwa amepooza upande mmoja na kumbukumbu imeanza kumtoka. Nililala nyumbani kwake karibu miaka minne, mpaka alipofariki Februari 2019. Binti yake alinilipa taslimu kila Ijumaa. Karatasi hapakuwa na hata moja. Yeye hakukata kodi, nami sikuuliza. Tafadhali usimwone mtu mbaya. Baba alipofariki 2016 nami siwezi kusafiri kwenda kumzika, yeye ndiye aliyekaa nami jikoni mpaka kukapambazuka, hana neno la kusema, anachemsha chai tu na kumimina.

Mwaka 2022 nikaolewa. Mume wangu aliletwa huku na wazazi wake akiwa kijana, wakimbizi wa Kongo waliopitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, naye sasa ni raia. Tuna mtoto wa miaka miwili. Mwaka 2024 tukajaza makaratasi: yeye fomu I-130 ya kuniombea kama mkewe, mimi I-485 ya kuomba grinikadi, yaani ukaaji wa kudumu, nikiwa humuhumu ndani ya nchi. Ada ya hiyo yangu peke yake ilikuwa dola 1,440. Kwenda kuombea Nairobi kungekuwa hatari, kwa sababu aliyekaa bila ruhusa mwaka mzima au zaidi akishatoka tu anafungiwa miaka 10, asipopata msamaha maalumu.

Fomu inauliza waziwazi kama umewahi kufanya kazi bila kibali. Nikajibu ndiyo. Kwenye mahojiano mwaka jana afisa akauliza tena, nikajibu ndiyo, nilitunza wazee. Wakili wetu alikuwa ameshanitoa hofu: mke au mume wa raia, maadamu aliingia mlangoni na kugongewa muhuri, hazuiwi na sheria kwa kupitiliza muda wala kwa kufanya kazi bila kibali. Nikatoka mle chumbani nimejaa matumaini.

Mwezi uliopita ikaja barua. Ndoa yetu wameikubali, ombi la mume wangu limepita. Lakini kwenye grinikadi wanataka nilete ushahidi kwamba nastahili afisa anipe kwa hiari yake. Niliisoma mara tatu nimesimama pale kwenye sanduku la posta, mtoto mkononi, sielewi. Nastahili vipi? Nimeshajibu kila kitu.

Wakili akanichorea milango miwili nyuma ya bahasha. Wa kwanza ni wa sifa: uliingiaje, umeolewa na nani, daktari amesemaje, mume anaweza kukulisha. Huo nimeupita. Wa pili ni wa hiari. Kifungu cha 245 cha sheria yao ya uhamiaji kinasema mtu anaweza kupewa ukaaji, hakisemi lazima apewe. Kwa hiyo ile kazi niliyosamehewa mlango wa kwanza, mlango wa pili afisa anaruhusiwa kuiweka kwenye mizani na kuipima. Shangazi, hapo ndipo niliposhindwa kulala. Kitu kimoja kusamehewa na kuhesabiwa siku moja!

Wakili hakuniacha hivyo. Alisema mizani hiyo si ya jana. Kuna uamuzi wa bodi yao ya rufaa za uhamiaji wa mwaka 1970 unaosema kwamba pasipo na baya, mwombaji kwa kawaida apewe. Na penye baya, alete mazuri ya kulizidi: familia, miaka aliyokaa, kodi, shida itakayowapata wenzake akiondolewa. Mwaka 1980 na 1981 bodi hiyohiyo ikaonyesha kwamba kuwa mtu wa karibu wa raia ni uzito mkubwa peke yake. Ila tangu 2022 kuna jambo jingine. Mahakama ya Juu, kwenye kesi ya Patel, mtu wa jimbo la Georgia aliyeweka alama kwenye kisanduku cha uraia, naye si raia, alipokuwa akijaza fomu ya leseni ya udereva, iliamua kwa kura tano kwa nne kwamba mahakama za shirikisho haziwezi kupitia upya yale ambayo watu wa uhamiaji wameyaona kuwa kweli katika maamuzi ya namna hii. Kwa hiyo kinachoingia kwenye faili sasa ndicho nitakachotembea nacho. Na majibu yanapelekwa mara moja, yote pamoja. Huwezi leo nusu, kesho nusu. Walitupa siku 87. Zimebaki 51.

Mengi tumeshakusanya. Barua ya msikitini, barua ya msimamizi wangu kazini, maana tangu nipate kibali cha kazi nafanya kwenye nyumba ya wazee. Karatasi za kodi za kuanzia 2019 ninazo. Za 2015 mpaka 2018 nimezijaza sasa, kwa kuchelewa, na ninalipa kwa mafungu.

Linalobaki ni ile miaka minne ya Bibi. Kwenye faili ni shimo. Afisa anajua nilifanya kazi bila kibali, hajui nilifanya nini.

Na mimi ninayo madaftari saba.

Ni yale ya shule, majalada yake meusi yenye madoa meupe. Niliandika kila siku, kwa sababu muuguzi aliyekuwa akija Jumatatu alitaka kujua Bibi amekula nini, amegeuzwa saa ngapi, dawa gani imekataliwa. Mchana niliandika Kiingereza chake. Usiku, nikiwa na usingizi, Kiswahili kilikuja chenyewe. “Saa tisa amegeuzwa. Maji nusu kikombe. Ameniita kwa jina la dada yake, nimeitika.” Kurasa na kurasa namna hiyo. Wakili aliposikia alinyamaza, kisha akaniambia nitafute mtu wa kutafsiri, kwa kuwa kila neno lisilo la Kiingereza lazima liende na tafsiri iliyotiwa saini. Aliyetafsiri ukurasa wa kwanza aliona “tisa” akaandika tisa ya Kizungu, yaani saa tatu za usiku, kumbe Bibi nilimgeuza kule alfajiri, saa tisa yetu. Nilirekebisha mwenyewe, mkono unatetemeka, nikaona jinsi saa sita za maisha ya mtu zinavyopotea kwa kosa dogo.

Lakini pembeni mwa kila ukurasa wa Ijumaa kuna mstari: dola 480, taslimu. Na herufi mbili za jina la binti yake, kwa mkono wake mwenyewe. Tulifanya hivyo ili tusigombane. Hatukugombana hata siku moja.

Nilimpigia simu binti, nikamweleza barua iliyokuja. Hakungoja nimuombe. Alisema ataandika barua nzuri. Juzi akanitumia rasimu, na kweli imenitoa machozi, mpaka nilipofika mstari unaosema nilikuwa “rafiki wa familia aliyekuwa akija kusaidia kwa upendo”. Hakuna mshahara. Anaogopa, na sioni vibaya kuogopa kwake: kodi ya mfanyakazi wa nyumbani hakuilipa miaka minne, na alimwajiri mtu asiye na kibali.

Wakili amesema barua hiyo haiwezi kutoka ofisini kwake. Uongo wa makusudi kwenye jambo zito ni kosa baya kuliko yote niliyonayo. Kazi bila kibali sheria imeisamehe, uongo kama huo ungenifungia maisha nisipopata msamaha maalumu. Ananiachia mawili. Ama tupeleke madaftari na barua ya kweli, ama tuiache miaka hiyo bila neno na kutegemea ndoa, mtoto na kodi. Kuhusu binti hawezi kumshauri, si mteja wake. Atafute wakili wake.

Mume wangu hataki madaftari kabisa. “Usiwape kamba ya kukufungia,” ananiambia. Ninamwelewa. Yeye amekulia kambini, ambako kadi ikikosewa herufi familia inakosa mgao. Anasema tumeshakiri, inatosha, kwa nini tuwawekee hesabu ya kila Ijumaa? Tena nikinyimwa, barua itakayofuata huenda ikawa ya kuitwa mbele ya hakimu wa uhamiaji. Hapo naweza kuomba upya, ndiyo, lakini nikiwa mtu wa kuondolewa nchini. Mama yangu kule Kisauni, ambaye sijamtia machoni tangu 2014, anashika upande wa pili. Mficha uchi hazai, mwanangu, wape. Kila mmoja ananipenda, na kila mmoja ananivuta kwake.

Mimi moyo wangu uko na madaftari. Nasema wazi ili usidhani nakuuliza nisilolijua. Kama kuna mtu anakaa mahali fulani anataka kuona kama nastahili, hicho ndicho nilicho nacho. Sijawahi kufanya kitu kizuri zaidi ya kile katika maisha yangu, na nilikifanya bila kibali. Nikikitoa kwenye faili nitakuwa nimewaachia kosa peke yake, bila yule Bibi.

Kinachonizuia ni binti. Siri iliyomo mle ni ya watu wawili, na mimi ndiye ninayetaka kuifungua kwa faida yangu. Nimefikiria kufunika zile herufi mbili na kupeleka madaftari bila barua yake, lakini anwani iko, jina la Bibi liko kila ukurasa, na kufunika nako kunataka maelezo. Nimefikiria pia kupeleka kurasa za katikati ya wiki tu, zisizo na malipo. Wakili amesema tuzungumze kwanza, na kwa sauti yake nilijua halipendi.

Jumapili ijayo anakuja kwetu na barua yake ili aisaini mbele yangu. Ataleta keki ya ndizi, huleta kila mara. Naomba unishauri, Shangazi, na wasomaji mliopita njia hii pia: nimwambie kabla hajaja, kwa simu, apate nafasi ya kukasirika peke yake na kutafuta wakili wake? Au nimkalishe nimwonyeshe madaftari yenyewe, ausome usiku wa mwisho wa mama yake, ambao yeye hakuwepo na hajawahi kuniuliza? Naogopa hili la pili lisije likawa ni kumshika kwa huruma. Na akikataa, je, nina haki ya kuyapeleka?

Ni mimi msomaji wako,
Lowell, Massachusetts