Sweta la Baba limekwisha

Aberdeen, Uskoti, 6 Desemba 2025

Mama na Baba, shikamooni. Bibi naye mfikishieni shikamoo yake, na wadogo zangu wote hapo Igombe nawasalimu. Mimi mzima, kazi inaendelea, baridi ndiyo hiyo mnayoisikia. Jua linachomoza saa mbili na nusu asubuhi, na ikifika saa tisa na nusu alasiri limeshazama. Mama, usianze kuniuliza kama nakula. Nakula.

Naandika kwa sababu sweta la Baba limekwisha. Juzi usiku nilifunga kitanzi cha mwisho kwenye kola, nikakata uzi, nikakaa nalo mapajani kama mtu aliyepakata mtoto. Nilianza baada ya Pasaka. Miezi minane, robo tatu ya kilo ya sufu, vitanzi 308 kila mzunguko. Najua mnacheka: dume zima linafuma! Chekeni, lakini hapo mwaloni wanaosuka nyavu ni akina nani? Si wanaume watupu, wamekaa chini ya mti na kijiti na uzi, wanahesabu macho ya wavu?

Aliyenifundisha ni mama mmoja mtu mzima, mjane wa mvuvi, hapa kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Wavuvi wa pwani hii walikuwa na sweta lao, linaitwa gansey. Bluu iliyokolea, uzi uliosokotwa ukakazwa sana, linafumwa kwa kuzunguka kama soksi, kwa hiyo halina mshono ubavuni. Kwapani kuna kipande cha umbo la almasi, ili mtu akiinua mikono kuvuta wavu lisimpande tumboni. Kifuani wanafuma kamba, ngazi, nyavu. Aliponieleza hayo nikamwona Baba palepale: usiku wa manane, taa zinaelea majini zikiita dagaa, upepo unapiga, na yeye amevaa lile koti la mtumba la soko la Mlango Mmoja lililokufa zipu.

Msidhani nilianza na hili. Cha kwanza kilikuwa kofia. Nikaifua kwenye mashine, maji ya nyuzijoto 60, ikatoka ndogo na ngumu kama kifuu. Sufu ndivyo ilivyo. Maji ya moto na misukosuko hufanya nywele zake zikamatane, na zikishakamatana haziachani tena. Kwa hiyo Mama, nakuomba sana: maji ya baridi, sabuni kidogo, lisikamuliwe kwa kusokota. Lilazwe kwenye mkeka kivulini. Ukilitundika kambani litarefuka mpaka magotini. Na lisianikwe kwenye chanja ya dagaa! Najua ulikuwa umeshapanga.

Mwezi wa Septemba lilitaka kunishinda. Ile kamba ya kifuani ni vitanzi sita, vitatu vinapita juu ya vitatu, kila baada ya mistari kadhaa. Siku moja nalitandika kitandani nalitazama kwa mbali, naona sehemu moja kamba imepinda kushoto badala ya kulia. Mistari 22 chini! Nilitaka kulifumua lote. Kisha nikakumbuka Baba unavyotengeneza wavu uliochanwa na gogo. Hukimbilii kuziba tundu. Kwanza unachukua kisu unakata macho yaliyoharibika, mpaka upate ukingo safi wa kuanzia; mimi nilipokuwa mdogo nilidhani unazidi kuuharibu. Basi nikavishusha vile vitanzi sita tu, kwingine sikugusa, nyuzi zikabaki zinaning'inia kama ngazi iliyokatika. Halafu kwa sindano ya kroshia nikapanda nazo, mstari kwa mstari. Jioni mbili. Baba, ukikodoa macho utaona pamelegea kidogo upande wa kushoto. Usimwonyeshe mtu.

Sasa sindano ziko tupu na mimi situlii. Kuna kisiwa kidogo huku kaskazini, Fair Isle, kati ya visiwa vya Orkney na Shetland. Wao hufuma marembo ya rangi nyingi, lakini ukichunguza, kila mstari una rangi mbili tu, ile isiyo zamu yake inapita kwa nyuma. Kwangu mbili zinatosha: kofia ya kijani na njano kwa Baba Mdogo, nyekundu na nyeupe kwa Kaka. Siku ya mechi ya Yanga na Simba wakae benchi moja tuone nani atavua ya kwake mapema. Meli ya Shetland inaondoka hapa jioni na kufika Lerwick asubuhi, kama ile yetu ya Bukoba. Nikipata likizo nitaipanda.

Bibi nataka kumfumia soksi, ila kisigino cha soksi kinanitisha, nasikia ndipo wengi wanapoachia njiani. Mama wewe sikupi sufu, kwa joto la Mwanza utaiva. Wewe ni sweta jepesi la pamba, lisilo na mikono, la kwendea kanisani. Nimeuliza bei ya uzi wa pamba dukani, nikautazama nikaurudisha. Bibi alichuma pamba kule Kwimba mpaka vidole vikachubuka kwa yale maganda makavu, na mjukuu wake leo anahesabu pauni apate uzi wake! Nitanunua mwisho wa mwezi.

Mdogo wangu akupime kwa uzi, afunge fundo, aulaze kando ya rula na kunitumia picha. Na safari hii akupime vizuri. Baba alipimwa juu ya koti, ndiyo maana sweta lina nafasi. Avae shati ndani.

Mzigo analeta rafiki yangu anayekuja likizo, atafika Mwanza tarehe 17. Mwezi ulikuwa mkubwa juzi, taa haziiti dagaa, najua Baba uko nchi kavu unapumzika. Giza likirudi karibu na Krismasi utakuwa nalo ziwani.

Mikono nimeifuma kuanzia begani kushuka, ndivyo wanavyofanya, kwa sababu panapochakaa kwanza ni penye kiwiko na kifundo. Pakiisha nikija likizo nitafumua nifume upya. Uzi wa akiba nimeuzungushia kwenye kijiti cha kushonea nyavu nilichonunua hapa bandarini. Baba, kijiti ni chako, kitumie. Uzi usiuguse, usije ukaziba nao wavu.

Mwanenu