Wito wa Harambee: Tuchangie Filamu ya Akina Mama Wanaowalinda Watoto Newala

Ndugu zetu wa Newala, Tandahimba na Masasi, pamoja nanyi mliotoka nyumbani mkaweka makazi Mtwara Mjini, Dar es Salaam na kwingineko, asalaam alaykum, na kwa ndugu zetu Wakristo, Tumsifu Yesu Kristo na Bwana asifiwe.

Sisi ni akina mama 18 wa kikundi cha kuweka na kukopa, huku juu kwenye uwanda wa Makonde. Kikundi kilianza kwa ajili ya hisa na kufa na kuzikana, lakini kwa miaka kadhaa sasa kimekuwa pia mahali anapokimbilizwa mtoto aliyepigwa, aliyefanyiwa ukatili wa kingono au aliyeachwa bila mtu wa kumwangalia. Hatukukaa kikao tukapanga iwe hivyo. Mwenzetu mmoja alimpokea mtoto wa jirani usiku, wa pili akaleta kitenge na uji, wa tatu akatoa nauli ya bodaboda ya kufika hospitali, na tangu hapo watu wakazoea kusema, "Mpelekeni kwa akina mama." Sasa tunakusudia kutengeneza filamu ya makala, isiyozidi dakika 40, itakayoonyesha kazi hiyo inavyofanyika, na tunaomba mchango wenu.

Wapo waliotuuliza, na wana haki ya kuuliza, kwa nini fedha ziende kwenye filamu wakati kuna watoto wanaohitaji unga na madaftari. Nasi wenyewe tulibishana juu ya jambo hili vikao viwili kabla ya kukubaliana. Kilichotushawishi ni kwamba watoto wengi hutufikia wakiwa wamechelewa. Mtoto aliyebakwa anatakiwa kufikishwa hospitali ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kumkinga asipate maambukizi ya VVU ni lazima zianze kabla ya muda huo kupita, na kila saa inayokwenda huondoka na sehemu ya ushahidi ambao daktari angeuona na mahakama ingeuhitaji. Lakini jambo la kwanza analofanya mzazi aliyechanganyikiwa ni kumwogesha mwanawe na kufua nguo zake, na hufanya hivyo kwa huruma, bila kujua anachokipoteza. Kisha mjomba hupelekewa habari, wazee huitwa, kikao hukaa siku ya kwanza na ya pili, na siku ya tatu huanza mazungumzo ya fidia ili mambo yaishie nyumbani. Unga tutaendelea kuutoa, kama tulivyokuwa tukiutoa, ila hakuna unga unaoweza kuzirudisha siku hizo tatu.

Kwetu mjomba ana neno zito juu ya watoto wa dada yake, na heshima hiyo hatutaki kuivunja. Tunachotamani ni kwamba mjomba awe mtu wa kwanza kusema, "Mtoto aende hospitali, kikao kitafuata." Neno hilo likitoka kwetu akina mama huonekana ni ukaidi. Tumejifunza pia kwamba kwenye mikutano yetu ya uhamasishaji wanaokuja ni wale ambao tayari wameshaelewa, ilhali picha ikiwekwa jioni kwenye uwanja wa kijiji, kila mtu husogea, hata aliyekuwa akipita tu na baiskeli yake.

Filamu itawafuata wanawake watatu. Wa kwanza ni mama anayelea watoto kama mlezi wa kuaminika, yaani mtu aliyekaguliwa na kuthibitishwa na ustawi wa jamii ili mtoto aliyeondolewa katika hatari akae kwake wakati shauri likiendelea. Ni yeye aliyetueleza juu ya mtoto ambaye kwa wiki kadhaa alikataa kula mbele ya watu, akawa analala chini ya kitanda, hata mama huyo akajifunza kuacha sahani mlangoni na kuwasha koroboi usiku kucha, bila kumwuliza neno. Alisubiri. Siku mtoto alipotoka mwenyewe kuja kumsaidia kuchambua mbaazi, mama huyo hakumwita mtu kuja kushangaa. Alimsogezea ungo tu, wakaendelea na kazi. Tungependa kila mlezi aione subira ya namna hiyo, kwa sababu wengi wetu hudhani kumsaidia mtoto ni kumhoji.

Wa pili ni nyakanga, yaani kiongozi wa mafunzo ya unyago. Juu ya unyago yamesemwa mengi, mengine na watu ambao hawajawahi kukaa humo, na sisi tuliopitia humo tunakiri kwamba binti mdogo anapotoka mwali, wapo wanaume wanaomtazama kana kwamba amekwisha kuwa mtu mzima. Nyakanga huyu anawaambia wali wake, yaani mabinti anaowafunda, waziwazi kwamba kutoka unyagoni hakumfanyi mtu awe mke, kwamba hakuna siri ya mwili inayomlazimu mtoto kumficha anayemwumiza, na anawatajia majina ya wanawake watatu wa kijiji wanaoweza kuwaendea saa yoyote. Hukubali tu ngoma zinazofanyika wakati wa likizo, ili masomo yasikatizwe. Hakuna afisa wala mwalimu anayeweza kusikilizwa na wali kama anavyosikilizwa yeye, na ndiyo maana tunaona sehemu hii ndiyo moyo wa filamu yote.

Wa tatu ni mama lishe wa karibu na stendi. Msimu wa korosho unapofika, familia nyingi huhamia kwenye mashamba ya mbali, watoto huachwa na bibi asiyeweza tena kuwakimbiza, na baadaye fedha za minada zinapoingia, wapo baba wanaotokomea nazo. Mama huyu anawajua watoto wanaoanza kuzurura, na humtaarifu mtendaji wa kijiji kabla mtu mwingine hajawaona.

Wala si hisani yetu tu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaja kuwa mtoto kila aliye chini ya umri wa miaka 18, na inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa serikali za mitaa pale anapojua kwamba haki za mtoto zinavunjwa au mzazi mwenye uwezo anakataa kumpa chakula, malazi, matibabu au elimu. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana mmoja kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Tumewataja wavulana kwa makusudi, kwa sababu wao hunyamaza zaidi. Filamu itaonyesha pia hatua zenyewe: Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, fomu ya polisi ya PF3 ambayo daktari huandikia alichokiona, ofisi ya ustawi wa jamii, na namba 116 ya simu ya msaada kwa watoto, ambayo hupigwa bure.

Hakuna sura ya mtoto itakayoonekana, wala jina, wala shule, wala nyumba inayoweza kumtambulisha. Zitaonekana sura za walezi waliokubali wenyewe, mikono, njia na majiko, na ofisi ya ustawi wa jamii itaitazama picha nzima kabla ya mtu mwingine yeyote. Kibali cha Bodi ya Filamu kitapatikana kabla kamera haijawashwa. Wahusika watazungumza Kimakonde kama wanavyozungumza nyumbani, na maandishi ya Kiswahili yatapita chini.

Gharama yote ni shilingi 14,660,000. Wanachama tumekwisha kutoa 1,200,000 kutoka katika hisa zetu, hivyo zinahitajika 13,460,000. Fungu kubwa kuliko yote, shilingi 3,600,000, ni la projekta, pazia, spika na jenereta, ambavyo vitabaki kuwa mali ya kata, na shilingi 1,500,000 tumezitenga kwa ajili ya nauli za dharura za watoto, ili asiwepo atakayechelewa hospitali kwa kukosa bodaboda. Zilizobaki ni za mpiga picha, fundi sauti, uhariri, usafiri, na safari za kuonyesha filamu katika vijiji 24. Kila mchango utaandikiwa stakabadhi, na hesabu zitasomwa katika mkutano wa hadhara mbele ya mtendaji wa kata.

Kadi za mchango zinapatikana kwa viongozi wa misikiti na makanisa ya kata. Mkulima asiye na fedha taslimu anaweza kutaja kilo za korosho anazoahidi, na kulipa thamani yake baada ya malipo ya mnada kuingia benki. Harambee itafanyika Jumamosi ya kwanza ya mwezi Novemba, kuanzia saa nne asubuhi, kwenye uwanja wa ofisi ya kata. Kuku na mazao yatakayoletwa yatanadiwa hapohapo, na wali kwa mbaazi tutaupika sisi. Wajomba wa watoto wetu tumewatengea viti vya mbele.