Barua ya wazi kwa Mkuu wa Ubunifu wa Walt Disney Animation Studios: rudisheni penseli mezani mafundi wakiwa bado wapo

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Ubunifu,
Walt Disney Animation Studios,
Burbank, California.

YAH: OMBI LA FILAMU MOJA, NDEFU, YA KUCHORWA KWA MKONO

Mheshimiwa, salaam nyingi. Naomba nianze na uso wa mtoto wa simba.

Kwenye The Lion King ya 1994, baada ya Mufasa kuanguka korongoni, Simba anamkuta baba yake kalala vumbini. Anamsukuma, anamvuta sikio, haamki, anaita msaada hakuna anayeitika, mwisho anajipenyeza chini ya mkono wa baba yake analala hapo. Simamisha picha uangalie nyusi. Simba wa porini hana nyusi, lakini yule wa kwenye katuni anazo, kapewa na wachoraji wenu, aliyewasimamia kwenye Simba mdogo ni Mark Henn, na zile nyusi zimepanda katikati zikaanguka pembeni kama za mtoto yeyote anayejikaza asilie halafu anashindwa. Mistari miwili ya penseli tu ile. Nimeiona mara nyingi sana na mpaka leo koo linanikaba.

Sasa chukua ile ya 2019, ya kompyuta, nenda sehemu hiyohiyo. Manyoya unaweza kuyahesabu, vumbi ni vumbi kweli, mwanga hauna kasoro. Ila uso uko vilevile kama ulivyokuwa dakika kumi nyuma, ni mnyama wa kwenye filamu za mbugani, kafiwa na baba na usoni huoni kitu. Najua haikutoka studio yako moja kwa moja, ni kitengo kingine cha kampuni, na najua iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6, hilo silibishi, pesa mlipata. Mi naongelea zile nyusi. Sisi tunaoongea Kiswahili ile filamu tunaihesabu yetu kidogo, majina kama Simba na Rafiki hatukuhitaji kutafsiriwa, kwahiyo labda ndo maana imeniuma zaidi kuona yule mtoto kanyang'anywa uso.

Kabla hujanielewa vibaya niseme wazi kwamba sina ugomvi na kompyuta, na wewe unajua kuliko mimi kwamba hivi vitu viwili havikuanza kama maadui. The Little Mermaid ya 1989 ndo ilikuwa filamu yenu ndefu ya mwisho kupakwa rangi kwa brashi kwenye karatasi zile za plastiki angavu, mwaka uliofuata The Rescuers Down Under ikapakwa rangi yote ndani ya kompyuta, kwa mfumo mlioutengeneza pamoja na Pixar, wale wa filamu za kompyuta, kabla hata hawajatoa filamu ndefu yao wenyewe! 1991 mkatengeneza ukumbi wa dansi wa Beauty and the Beast kwa kompyuta, Belle na Beast wakachorwa kwa mkono wanazunguka humo ndani, na filamu ikawa ya kwanza ya animesheni kushindania Oscar ya filamu bora, pale pale na filamu za waigizaji watu. Yaani miaka kumi na kitu penseli na kompyuta vilikaa meza moja, huyu anabeba rangi na majengo, yule anabeba nafsi ya mhusika, na hiyo ndo miaka ambayo dunia nzima bado inawaimbia.

Kilichofuata tunakijua. Toy Story ikatoka 1995, Shrek ikatoka 2001 ikawa ya kwanza kuchukua Oscar ya filamu ndefu ya animesheni, Finding Nemo ikaja 2003 ikafagia kila kitu, zote tatu za kompyuta, na katikati yake nyie mkatoa Treasure Planet 2002 iliyokula kama dola milioni 140 ikarudisha kama 109 tu dunia nzima. Hapo watu wa mahesabu wakafikia uamuzi kwamba watazamaji wamechoka na michoro. Studio ya Paris ikafungwa 2003. Studio ya Florida, iliyotupa Mulan na Lilo & Stitch, ikafungwa 2004. Home on the Range ikatoka mwaka huohuo ikatangazwa kama ndo ya mwisho ya mkono.

Mheshimiwa, hapa ndo naomba tuelewane vizuri, maana hoja yangu yote iko hapa. Treasure Planet ilikuwa imejaa kompyuta. Merikebu, anga, hata mkono wa chuma wa yule haramia John Silver ulikuwa wa kompyuta umeunganishwa kwenye mwili uliochorwa na Glen Keane na wenzake. Ilipoanguka, mbona hakuna aliyesema kompyuta imeshindwa? Na 2022 mkatoa Strange World, ya kompyuta mwanzo mwisho, ikaanguka vibaya kuliko hata hiyo, haikufika hata dola milioni 80 dunia nzima. Kuna mtu alisimama kwenye kikao akasema basi kompyuta imepitwa na wakati, fungeni studio, mafundi waende nyumbani? Hakuna, na ni sahihi kabisa, mlisema hadithi haikuwavuta watu, mkaendelea na filamu inayofuata. Filamu ya kompyuta ikianguka kosa ni la hadithi, filamu ya penseli ikianguka kosa ni la penseli. Huo ni uonevu, na umedumu miaka zaidi ya ishirini.

Mlijaribu tena, na nawashukuru kwa hilo. Mlipoinunua Pixar 2006, wakuu wake John Lasseter na Ed Catmull walipokuja kusimamia studio yenu, penseli ikarudi. The Princess and the Frog ya 2009 ilitumia kama dola milioni 105 ikaingiza zaidi ya milioni 260, na hapo wiki moja tu baada ya kusambazwa kwenye kumbi za sinema Marekani nzima ikakutana uso kwa uso na Avatar. Hiyo kwenye vitabu vya nani inaitwa kufeli? Winnie the Pooh ya 2011 ndo mkaitoa Marekani siku moja na Harry Potter ya mwisho, yaani siku ileile, halafu watu wakashangaa viti vitupu. Tangu hapo hamjatoa filamu ndefu nyingine ya mkono, na 2013 wachoraji wengi mkawaaga.

Sasa mtu anaweza kuniambia filamu zile zipo, ziko kwenye hifadhi, nikiitaka nyusi ya Simba niende nikaangalie, shida iko wapi. Shida ni kwamba huu ufundi haukai kwenye hifadhi.

Hebu nikupe mfano mdogo wa kwangu. Nilipokuwa najifunza kuchora nilijaribu kufanya kichwa cha mtu kigeuke kutoka kushoto kwenda kulia, basi, hakuna kingine. Karatasi 12, zimebanwa kwenye pini, chini kuna kioo chenye taa ili uone mstari wa karatasi ya chini. Nikapima kila kitu kwa rula, pua ikasogea kipimo kilekile kila karatasi, nikajiona nimemaliza. Nikazipekua haraka haraka kwa vidole. Kile kichwa kiligeuka kama kifuniko cha chupa. Aliyekuwa ananielekeza, mtu aliyeshika penseli maisha yake yote, hakusema neno. Akachomoa karatasi ya sita na ya saba, akachora upya kidevu kimeshuka kidogo tu, kama unachora sehemu ya chini ya bakuli, akafumba macho ya yule mtu hapo katikati, akarudisha karatasi kwenye pini akapekua. Kichwa kikageuka na ungeapa yule mtu kasikia jina lake. Mi nilikuwa nimeshasoma kitabuni kwamba mwendo wa kiumbe hai unafuata upinde, nilikuwa naujua huo mstari kwa moyo, lakini mkono wangu haukujua mpaka mkono mwingine ulipopita juu ya karatasi yangu.

Ndivyo ilivyokuwa kwenu tangu Snow White ya 1937. Filamu ya dakika 80 kwa picha 24 kila sekunde ni fremu 115,200, hata ukichora mchoro mmoja kwa kila fremu mbili bado ni michoro zaidi ya 57,000 kwa mhusika mmoja asiyetoka kwenye skrini, hakuna mtu mmoja anayeweza hiyo kazi. Mkubwa anachora mikao mikuu, mdogo wake anajaza ya katikati, na huyu mdogo kwa kujaza kati ya michoro ya mkubwa miezi na miezi ndo anaiba ujuzi bila hata kujua kama anaiba. Wale Wazee Tisa, wachoraji wakuu wa Walt Disney mwenyewe, walipoanza kuzeeka, miaka ya 1970, Eric Larson akasimamia mafunzo ya vijana, Ollie Johnston akamshika mkono Glen Keane, Frank Thomas akamshika Ron Clements. Hao vijana ndo waliotupa The Little Mermaid na yote yaliyofuata. Kama Larson angeambiwa mzee nenda nyumbani, vitabu vinatosha, Ariel asingekuwepo!

Kompyuta haipitishi ujuzi kwa njia hiyo, na sisemi kwa kuidharau. Anayehuisha kwenye kompyuta anapewa mwili uliokwisha jengwa, wenye mifupa na vishikio vya kuvuta, anaupa mwendo, na ni kazi ngumu ya akili nyingi. Ila huo mwili una mipaka aliyoiweka aliyeujenga. Penseli haina mifupa, ukitaka uso ukunjwe kama kitambaa unaukunja, kesho yake unaunyoosha.

Na nyie wenyewe mnajua bado mnaihitaji. Kwenye Moana ya 2016 mlipofika kwenye tattoo za Maui mkampa kazi Eric Goldberg, yule aliyemsimamia Genie wa Aladdin, na kile kimtu kidogo kilichochorwa kifuani kwa Maui hakisemi hata neno moja lakini kinamnunia, kinamcheka, kinamsuta. Watu walikipenda. Miaka michache iliyopita mkachukua vijana wachache mkawaweka chini ya huyohuyo Goldberg wajifunze, na kwenye filamu fupi ya miaka 100 ya kampuni, Once Upon a Studio ya 2023, wahusika wa zamani wakachorwa upya kwa mkono. Mi nililia, sifichi. Ila Mheshimiwa, ile ni filamu isiyofika dakika kumi. Kijana hawezi kuwa fundi kwa dakika kumi, na mkimfundisha halafu hamna filamu ya kumpa ataondoka tu akatafute anakoweza kuchora.

Wenzenu hawakusubiri. The Boy and the Heron ya Miyazaki wa Japani imechukua Oscar 2024, michoro ya mkono. Sergio Pablos, aliyewahi kukaa kwenye studio yenu, alitengeneza Klaus 2019 ya kuchora, akaipa mwanga wa kompyuta mpaka watu wakabishana ni nini ile. Cartoon Saloon kule Ireland, studio ndogo, walitoa Wolfwalkers 2020 wakaacha hadi mistari ya penseli ionekane, hawakuifuta. Na Glen Keane, alipoondoka kwenu 2012, akachora Dear Basketball, dakika kama tano na nusu, ikampa Oscar 2018. Huyo alikuwa wenu.

Kwahiyo ninachoomba ni filamu moja ndefu. Siombi mfunge kompyuta, siombi mrudi kwenye brashi na plastiki, rangi, mwanga na majengo yafanyeni kwa programu zenu mnazojivunia, wahusika tu wachorwe. Msiipe bajeti ya kuifilisi kampuni, dola milioni 100 mlishawahi kutumia ikalipa. Ipeni hadithi mliyoihangaikia kama mnavyohangaikia zile za kompyuta, na tarehe yake isigongane na dude lolote kubwa. Zaidi ya yote wekeni wale vijana wachore ya katikati kwenye mikao ya wakubwa waliobaki, Goldberg akiwa bado anaweza kupita mezani akachomoa karatasi ya sita.

Mark Henn alianza kwenu mwaka 1980, hesabu mwenyewe hao wa rika lake sasa wana umri gani. Filamu hizi mnachukua miaka minne mitano kuzimaliza, kwahiyo mkiamua mwaka huu bado mnawahi. Naomba jibu, hata kama ni hapana, ila mkisema hapana naomba mniambie sababu ambayo haingeweza kusemwa pia kuhusu Strange World.

Kwa heshima kubwa,
Mtazamaji wenu, na mchoraji wa vichwa vinavyogeuka.